Mkanda wa Saa: Sura ya Kale, Kemia Mpya

Wapenzi wa saa za zamani wana tatizo ambalo fundi saa hawezi kulitatua. Saa ya mzamiaji iliyotengenezwa katika miaka ya 1960, ikitunzwa vema, bado huonyesha wakati barabara; lakini mkanda wake wa mpira mara nyingi umekwisha kukauka na kupasuka. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza mikanda mipya yenye sura ya kale, mathalani ule uitwao Tropic, wenye vitundu vidogo na mchoro kama wa mkeka. Je, mkanda wa kwanza uliharibiwa na nini, na huu mpya utadumu?

Jibu limo katika molekuli. Mpira wa asili ni mnyororo mrefu wa vipande viitwavyo isoprini, kila kimoja kikiwa na atomu 5 za kaboni na 8 za haidrojeni. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hupata nguvu na unyumbufu, kwa kuwa salfa huifunganisha minyororo hiyo. Hata hivyo, katika vipande vilivyo vingi hubaki kifungo maradufu baina ya kaboni mbili, na hapo ndipo penye udhaifu. Gesi ya ozoni iliyomo hewani, ingawa ni kidogo mno, hukata vifungo hivyo, hasa mahali ambapo mpira umevutwa au kupindwa.

Plastiki aina ya PVC ina dosari nyingine. Kwa asili yake ni ngumu, hivyo hulainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi. Vilainishi hivyo havikufungwa kwenye minyororo. Miaka inapopita hutoka kidogo kidogo, na mkanda hukakamaa.

Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ilianza kuuza mpira wenye florini kwa jina la Viton. Uti wa mnyororo wake hauna vifungo maradufu, na kifungo cha kaboni na florini ni imara sana. Kwa hiyo ozoni, jasho na joto haviudhuru upesi. Mikanda mingi bora ya leo yenye sura ya kale hutengenezwa kwa mpira wa jamii hiyo.

Njia nyingine ni nailoni, iliyoundwa mwaka 1935 na Wallace Carothers. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliweka kanuni za mkanda wa nailoni wa kijivu unaopita chini ya saa. Pini moja ikikatika, saa haianguki.

Wanafunzi waweza kuyathibitisha haya kwa gharama ndogo. Vuta mpira mwembamba wa kufungia karatasi juu ya kipande cha ubao, uache nje kwa majuma kadhaa; mwingine usiovutwa uweke gizani ndani ya chupa iliyofunikwa. Kisha linganisha nyufa.

Mkanda wa kale uliokauka huweza kukatika ghafla, na saa ya thamani ikaanguka sakafuni. Heri uhifadhiwe gizani, bila kuvutwa, na saa ivaliwe kwa mkanda mpya. Naye mnunuzi asitosheke na neno "mpira": na aulize ni mpira gani, kwani sura huigwa kwa urahisi, bali umri wa mkanda huamuliwa na molekuli zake.