Tufani Ikikikaribia Kisiwa

Wasomaji wetu, wengi wenu mwakaa pwani, nanyi mkaao bara hamkosi jamaa huko. Basi habari hii yahusu kila nyumba. Twataka kuwaeleza habari za tufani iliyokikaribia kisiwa cha Mafia mwaka 2024, hatari zilizotazamiwa, na funzo lililo ndani yake.

Mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka ule, mawingu yalikusanyika baharini, mashariki ya pwani ya Tanzania, yakaanza kuzunguka. Kwa siku chache yakawa tufani kamili, ikapewa jina la Hidaya. Jina hilo maana yake ni zawadi, lakini zawadi hii hapana aliyeitamani. Upepo wake ulipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Ijumaa, tarehe 3, ilikuwa ikija magharibi, na Mafia ilikuwa mbele yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwaonya watu wa pwani, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.

Wazee wengi walistaajabu, maana tufani ni mgeni wa nadra kwetu. Sababu yake ni hii. Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto jingi. Mvuke hupanda, na upepo wa pande zote hukimbilia mahali ulipotoka. Mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo huo hata uzunguke. Upande wetu wa kusini huzunguka kama mishale ya saa. Lakini karibu na ikweta nguvu ya kuupinda ni haba. Kwa hiyo tufani nyingi za bahari yetu huielekea Bukini na Msumbiji, nasi husalimika.

Kusalimika mara nyingi si kusalimika daima. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, tufani iliipiga Unguja. Vyombo vilivyotia nanga bandarini vilivunjika, na mikarafuu mingi mno iling'olewa. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile 15 Aprili, mwaka 1952, tufani nyingine iliupiga mji wa Lindi.

Sasa tutazame hatari zilizotazamiwa Mafia. Ya kwanza ni upepo wenyewe. Huezua makuti na mabati, huangusha minazi, na bati lirukalo hukata kama panga. Ya pili ni bahari. Upepo husukuma maji kuelekea nchi kavu hata yakapanda kupita alama ya kila siku, na ikiwa ni wakati wa bamvua, huingia nyumbani na visimani. Ngalawa na mashua zilizofungwa ufuoni hugongana na kuvunjika. Ya tatu ni mvua. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, na bonde la Rufiji, lililoelekea Mafia, lilikuwa limekwisha kupata mafuriko mwezi wa Aprili. Nchi iliyoshiba maji hainywi tena.

Tena iko hila moja ya tufani ambayo mwalimu afanya vema kuwafundisha watoto. Katikati yake pana mahali patulivu paitwapo jicho. Jicho likipita juu ya nyumba, upepo hukoma ghafula, na mtu asiyejua hutoka nje kutazama mali yake. Ndipo upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Jumamosi, tarehe 4 Mei, Hidaya ilifika Mafia, ikapungua nguvu na kutawanyika. Mvua yake hata hivyo ilifanya kazi: huko Kilwa, karibu na Somanga, barabara ya kwenda Lindi ilikatika kwa maji.

Mambo yakiisha hivyo, husikika maneno ya kudharau: "Tulitishwa bure." Na wengine husema: "Ajali haina kinga." Twaomba ndugu zetu wayapime maneno hayo. Anayetoa onyo huona tufani ikiwa ingali na nguvu. Hawezi kungoja ipungue ndipo aseme. Mvuvi aliyeacha kwenda baharini siku ile alipoteza mapato ya siku moja, na jambo hilo si dogo kwa mwenye watoto wa kulisha. Lakini kesho yake aliweza kwenda. Aliyekwenda akazama hana kesho. Na yule aliyezoea kudharau maonyo kwa kuwa la jana halikumdhuru, siku ya tufani kama ile ya 1872 atakuwa ufuoni akifungua tanga.

Basi, onyo likisikika, baba na avute chombo chake juu mbali na maji, afunge mabati, na kukata matawi makavu juu ya nyumba. Mama na aweke maji safi, chakula kisichohitaji kupikwa, na dawa. Wakaao bondeni au ufuoni wahamie kwa jamaa waliopo juu kabla ya usiku. Wazee, wagonjwa na wajane wasiachwe peke yao. Kila nyumba na iulize hali ya jirani. Tahadhari ni kabla ya hatari; upepo ukiisha kuja, hapana nafasi ya kufunga kamba.