Bango la barabarani lamtafutia mtangazaji mchumba

Filamu inaanza na soseji. Soseji kubwa ajabu, iliyolala ndani ya mkate wake, inaning'inia chini ya helikopta na kupita juu ya mabwawa ya kuogelea ya Los Angeles. Wapenzi wa sinema za zamani wataitambua kejeli hiyo papo hapo: mwaka 1960 Mwitaliano Federico Fellini alifungua La Dolce Vita kwa sanamu ya Kristo ikipaa juu ya Roma. Kila mji na kinachoabudiwa humo.

L.A. Story ilitoka Februari 1991. Aliiandika mchekeshaji Steve Martin, ambaye pia ni mhusika mkuu, na ikaongozwa na Mwingereza Mick Jackson. Martin ni Harris Telemacher, msomi mwenye shahada ya uzamivu ambaye mkate wake unatokana na kufanya mizaha akitangaza hali ya hewa kwenye televisheni. Kwa kuwa jua la huko halibadiliki, anarekodi mapema utabiri wa mwisho wa wiki ili akastarehe. Mvua inanyesha, na kibarua kinaota nyasi. Nyumbani nako, Trudi, mpenzi wake, kumbe ana uhusiano wa siri na wakala wake kwa miaka mitatu.

Katika mji huo Harris huwasha gari kwenda nyumba ya jirani. Tetemeko la ardhi hupita watu wakila, na hakuna anayekatiza maongezi. Kwenye mashine ya pesa kuna foleni mbili, ya wateja na ya vibaka, na kibaka hujitambulisha kwa adabu kabla ya kupokea chake. Anayetaka meza katika mgahawa wa L'Idiot huchunguzwa akaunti ya benki kama mwombaji wa mkopo wa nyumba. Kisha kuna msimu wa madereva kufyatuliana risasi barabarani. Mzaha huo una uchungu wake, maana kiangazi cha 1987 watu walipigwa risasi kweli kwenye barabara kuu za mji huo.

Ndipo gari la Harris linapomharibikia usiku, kando ya bango la umeme la kuwatahadharisha madereva kuhusu foleni. Bango linamjulia hali. Ni kichekesho, lakini kinauma: katika mji wa mamilioni, ambamo kila mtu amejifungia ndani ya gari lake, wa kumuuliza mtu kama yu salama ni nguzo ya chuma. Tena linampa na fumbo la kufumbua.

Anayemvutia Harris ni Sara, mwandishi wa habari kutoka London, anayeigizwa na Victoria Tennant, mkewe Martin wakati huo. Lakini Sara ana mtalaka anayemtaka tena, na Harris amekwisha kunaswa na msichana machachari aitwaye SanDeE*, nyota ya mwisho ikiwa sehemu ya jina. Sarah Jessica Parker anaigiza nafasi hiyo kwa uchangamfu unaokaribia kuiba filamu nzima.

Hata hivyo, Los Angeles hii ni ya wenye mabwawa. Mitaa ya kusini, ya Weusi na ya Walatino, haionekani kabisa. Hata mwezi haujaisha tangu filamu itoke, Machi 3, polisi walimfukuza Rodney King kwenye barabara kuu ya mji huohuo na kumpiga virungu kando ya njia. Huko hapakuwa na bango la kumjulia hali mtu.

Mwishoni Sara yumo ndani ya ndege, tayari kurudi London. Mbingu zinafunga, dhoruba inashuka, na ndege hairuki. Mtangazaji aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya mvua amesimama nje, analowa, anamsubiri.