Mota na Rafadha za Mashua Ndogo ya Umeme

Mtu wa Ryansoro, aishiye katika milima ya Gitega mbali na mawimbi ya Ziwa Tanganyika, aweza kudhani kuwa elimu ya mashua haimhusu. Sivyo. Bwawa la samaki lenye maji matulivu latosha kabisa kwa mashua ya mfano iendeshwayo kwa betri, na kijana aiundaye hukutana na swali lile lile linalomkabili mvuvi anunuapo mashine: mota gani, na rafadha gani?

Rafadha ni yale mapanga yazungukayo nyuma ya chombo. Ina vipimo viwili vikubwa: kipenyo, yaani upana wa duara lake, na hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao uingiao parafujo. Wengi hudhani kuwa rafadha kubwa ndiyo iletayo mbio. Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu rafadha ya mbao katika mfereji wa Paddington, London. Ilikuwa na mizunguko miwili kamili. Ikavunjika, ukabaki mmoja, na chombo, badala ya kudorora, kikaongeza mwendo!

Tuanze na mota za bure, kwani ndizo vijana wetu wazipatazo. Ile itokayo katika kinanda cha kaseti haifai kwa mbio, maana aghalabu imeundwa pamoja na kidhibiti kinachoizuia isizunguke kupita kiasi. Mota ya kifutio cha kioo cha gari ina nguvu, lakini gia zake huifanya iende polepole mno. Afadhali ile ya mashine ya kutobolea iliyokufa betri.

Mwenye fedha hununua mota isiyo na brashi za makaa. Juu yake huandikwa idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Tuchukue mota ya mizunguko 2,000 na betri ya lithiamu ya volti 11.1: jumla ni mizunguko 22,200 ikiwa haina mzigo. Majini tukadirie sehemu nane katika kumi, yaani kama 17,760. Ukiifunga rafadha ya kipenyo cha milimita 40 na hatua ya milimita 56, hesabu yatoa karibu kilomita 60 kwa saa, kabla ya kutoa upotevu wa kuteleza majini. Kwa bwawa dogo mwendo huo ni wazimu mtupu.

Lakini hatari kubwa imo katika mzigo. Mizunguko ikiongezeka maradufu, rafadha ile ile hudai nguvu mara nane. Kipenyo ni kikali zaidi: ukishuka kutoka milimita 40 hadi 36, umbo na mizunguko vikibaki vile vile, mzigo hupungua kwa karibu sehemu nne katika kumi. Milimita nne tu! Mwandishi wa makala haya aliwahi kuidharau hesabu hii, akafunga rafadha iliyokuwa kubwa mno kwa mota yake. Mashua iliruka vizuri kwa muda mfupi, kisha ukatoka moshi, na fedha ya miezi mingi ikawa harufu ya waya ulioungua. Betri ya lithiamu nayo, ikinyonywa kupita uwezo wake, yaweza kuvimba na hata kuwaka.

Basi anza na rafadha ndogo. Endesha nusu dakika, rudisha chombo ukingoni, tenga betri, kisha gusa mota, betri na nyaya. Kama kidole hakivumilii joto, punguza kipenyo au hatua, au tumia mota yenye mizunguko michache kwa volti. Kama vyote ni vuguvugu tu, waweza kupanda milimita moja au mbili, ukapima tena. Angalia vidole vyako, kwani rafadha ya chuma iliyonolewa hukata kama wembe.

Na kabla ya kuilaumu mota, chunguza ekseli. Maji ya mabondeni yana majani mengi, na jani moja refu likijisokota hapo huielemea mota sawasawa na rafadha iliyozidi ukubwa.