Povu la boksi la TV linaweza kuwa matatu ya kuuza, lakini usipulize rangi kabla ya kusoma hapa

Leo siongei kuhusu stoki. Naongea kuhusu lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la TV au friji, ambalo mwenye duka la elektroniki analitupa nyuma na wewe unalipita kila siku.

Mimi nina kiduka cha fotokopi na vitabu vya shule. Mwaka jana mwalimu wa shule ya udereva alikuja kuchapisha fomu, akalalamika kuwa magari ya kwenye bodi yake yameisha. Kama umesomea leseni hapa Kenya unaijua hiyo bodi: meza yenye barabara zilizochorwa, raundabauti, alama, na wewe unasukuma kagari kwa kidole huku mwalimu anakuuliza nani ana haki ya kupita. Vitoi vya dukani havilingani, kimoja kikubwa kama kiatu, kingine kidogo kama mende. Nikasema nitamtengenezea 12, sh 250 kila moja. Akanipa 1,000 mkononi. Nilikuwa sijawahi kutengeneza hata kimoja.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Niliokuta wanajua kazi hii kuliko wote ni wachezaji wa vita vya mezani, hasa Uingereza. Ni watu wazima wenye vijeshi vidogo na kanuni za kupigana juu ya meza. Mwandishi H. G. Wells aliwaandikia kitabu cha kanuni mwaka 1913, kwa hiyo si mambo ya jana. Mchezo wao mkubwa leo ni Warhammer 40,000, ulioanza 1987, na vifaru vyake vya plastiki ni ghali. Kwa hiyo wasio na pesa wanakata vya kwao kwa povu, kadibodi na takataka za nyumbani. Siku za mwanzo kuna waliogeuza chupa tupu ya deodoranti kuwa kifaru. Nikajiambia hawa ndio walimu wangu.

Kwanza vipimo. Mimi nagawa kwa 50, kwa sababu hesabu inakuwa rahisi: mita moja ya gari halisi ni sentimita 2 kwenye meza. Matatu ya viti 14 ina urefu wa kama mita 4.7, kwa hiyo kwangu ni sentimita 9 na nusu hivi. Basi la mita 12 ni sentimita 24. Ukishika kipimo kimoja, magari yote yanakaa pamoja bila aibu. Hicho tu ndicho kilichonitofautisha na vitoi vya dukani.

Povu si la aina moja. Lile la TV lina punje punje, ukikata vibaya linamwaga mchele. Hilo ni la mwili mnene, kama boksi la lori. Trei za supamaketi za nyama ni povu laini lisilo na punje, jembamba. Zioshe vizuri kwa sabuni, ni nzuri sana kwa milango na boneti. Na kama uko karibu na chuo cha wachoraji wa majengo, kuna bodi za povu zenye karatasi pande zote mbili. Hizo zinauzwa, lakini zinakata safi kabisa.

Kukata: wembe mpya, ulioulaza, na uvute mara nyingi kidogo kidogo. Ukisukuma chini mara moja, punje zinang'oka. Wembe ukianza kukwaruza, badilisha, usionee huruma shilingi kumi. Wengine wanakata kwa waya wa moto. Unakata kama siagi, ila ule moshi si wa kuvuta, fanyia nje, na usithubutu kuunganisha waya kwenye soketi ya ukutani. Magurudumu nilihangaika nayo siku mbili nikikata vijiduara vya povu, vyote yai. Nikaenda kwa fundi wa cherehani nikanunua vifungo vyeusi. Cha shati kinafaa gari dogo, cha koti kinafaa lori. Imeisha.

Sasa gundi. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya viatu na ile ya kukauka haraka zinakula povu, unaona shimo linafunguka mbele ya macho yako.

Na hapo ndipo rangi ilipaswa kunishtua, lakini haikunishtua. Alhamisi usiku magari 12 yamesimama mezani, mzigo ni wa Jumamosi. Nikanunua mkebe wa rangi ya kupuliza sh 400 ili yang'ae. Nikapuliza saba, nikaenda kula. Kurudi, yamejikunja kama uso wa mzee, mengine yamebaki nusu. Ile dawa ndani ya mkebe inayeyusha povu, ni ndugu wa ile ya kwenye gundi ya viatu. Nilikaa chini sakafuni.

Ijumaa asubuhi nikampigia mwalimu kabla hajanipigia. Nikamwambia ukweli: Jumamosi utapata matano, mengine Jumanne. Alinifokea vizuri, na akakata sh 300. Sikubisha.

Njia sahihi ni hii. Changanya gundi ya mbao na rangi ya maji ya ukutani, gundi mara mbili ya rangi. Bandika karatasi laini ya chooni juu ya povu kwa mchanganyiko huo, inaziba punje. Acha ikauke usiku mzima, paka tena. Kesho yake gari ni gumu, hata likianguka halivunjiki. Rangi za mwisho ni zile za maji za watoto wa shule, ninazo dukani. Na rangi yoyote mpya, jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, subiri saa moja.

Hesabu sasa, maana wengi mnaruka hapa. Gundi 180, wembe 50, msasa 30, manila ya madirisha 40, vifungo 100. Jumla 400. Rangi ya maji 250. Mkebe wa balaa 400. Yote 1,050. Nililipwa 2,700, nikabaki na 1,650. Muda: saa moja na nusu kila gari, saa 18, na yale saba ya kurudia saa 10 na nusu. Ukigawa ni kama sh 58 kwa saa. Bila kuharibu ningepata kama 130, na bado ni kidogo. Povu ni la bure lakini mikono yako si ya bure, na mimi nilipotaja 250 sikuhesabu mikono kabisa.

Siku hizi nakata miili yote siku moja, naziba yote siku ya pili, napaka ya tatu. Gari limeshuka hadi dakika 40. Januari yule mwalimu alirudi akitaka basi na trela. Nikamwambia basi ni 450, trela 600, nusu mbele. Akanung'unika, akatoa simu akatuma.