Vihisio vya Maji: Tujifunze, Tusinunue Tu

Mtu atokaye mjini Arusha kwa barabara ya Namanga hufika Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru. Huko maji ya mlima hugawanywa mashambani kwa mifereji, na jambo kubwa ni zamu: nani afungue, lini, na kwa muda gani. Suala hilo si geni kwetu sisi wa visiwani. Mkulima wa mpunga wa Cheju naye hutazama udongo wa juu, akauona umekauka, akafungulia maji, kumbe chini mizizi imekwisha kushiba.

Siku hizi viko vyombo vidogo vya kuondoa shaka hiyo. Ni vipande vya umeme vinavyochomekwa kimoja kwa kingine: kihisio kinachozikwa ardhini, bodi ndogo inayosoma, na swichi inayowasha au kuzima pampu. Bodi za Arduino, zilizoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, zimeifanya kazi hii iwezekane hata kwa mwanafunzi. Mkoani Iringa, katika skimu za Kiwere na Magozi, wakulima walitumia kihisio kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa Australia. Mkulima huchomeka kisomeo, taa zikamwonyesha: buluu, udongo umelowa, kijani, una unyevu wa kutosha, nyekundu, umekauka. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi, na maji ya ziada yakiizamisha mbolea chini ya mizizi.

Hata hivyo, hatuna budi kuonya. Vihisio vya bei nafuu kabisa, vyenye vyuma viwili vitupu, hupitisha umeme udongoni, na vyuma hivyo huliwa baada ya muda mfupi. Zaidi ya hayo, udongo wenye chumvi huupitisha umeme kwa urahisi. Kwa hiyo, katika mashamba ya pwani yaliyoingiwa na maji ya bahari, kihisio hicho kitadai kuwa udongo umelowa hali mmea unakufa kwa kiu. Chombo kisemacho kweli Meru chaweza kuwa mwongo Unguja na Pemba.

Kwa sababu hiyo, twawaomba wakuu wanaohusika wasikimbilie kununua mitambo iliyofungwa, ambayo ikiharibika kijisehemu kimoja hutupwa ghalani. Arusha ina chuo chake cha ufundi tangu mwaka 1978. Nasi tunayo Taasisi ya Karume kule Mbweni, na watafiti wa kilimo Kizimbani. Vijana wapewe vipande hivyo, wavijaribu katika udongo wetu wenye chumvi, na wakulima waelezwe matokeo kabla fedha ya umma haijatoka.

Uzuri wa vipande hivi ni kwamba kilichokufa huchomolewa, kikawekwa kingine. Lakini uzuri huo ni wa yule tu ajuaye kuchomoa. Wazee walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Navyo vyetu viundwe hapa, na mafundi wetu.