Kadi ya Jakaranda

Mwezi wa Oktoba, mijakaranda ya Nairobi inapomwaga maua yake barabarani, huwa pia ni msimu wa mtihani wa kidato cha nne. Nilipokuwa mtahiniwa mwaka 1998, wenzangu walipokea kadi za heri zilizonunuliwa dukani, nyingine zikiimba zilipofunguliwa. Mimi nilipokea moja tu, iliyochorwa kwa mkono na dada yangu mkubwa. Karo ya nyumbani haikutosha kutusomesha sote wawili, naye ndiye aliyebaki nyumbani. Aliazima rangi za maji kwa mwalimu jirani, akachora kitawi cha jakaranda. Nakiri kwa haya kwamba niliificha kadi hiyo chini ya godoro, na shule ilipofungwa sikuikumbuka.

Mwaka huu bintiye dada huyo ni mtahiniwa. Niliazimia kumchorea kadi, ingawa sikuwa nimeshika brashi tangu shule ya msingi.

Mpenzi msomaji, usidhani hii ni kazi ya mzaha. Karatasi ya kuandikia haifai, kwani hunywa maji ikajikunja kama jani kavu. Hutakiwa karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita mraba, ambayo huikunja katikati kabla ya kuanza. Maua huchorwa kwanza kwa penseli, kwa mstari hafifu mno. Kisha huanza rangi nyepesi, iliyokolea ikafuata baadaye. Weupe wenyewe si rangi bali ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa, ukishaufunika, umekwenda. Kadi yangu ya kwanza iliharibikia hapo. Ya pili sikuwa na subira ikauke, basi kijani cha majani kikatiririkia maua, yote yakawa matope.

Nilipokuwa nikisubiri ya tatu ikauke, isimu ilinijia bila kualikwa. Jakaranda ni rangi gani kwa Kiswahili? Lugha yetu ina mizizi mitatu tu ya rangi inayopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine aghalabu tumezichuma katika vitu: kijani katika jani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, manjano katika kile kiungo cha mchuzi. Zambarau ni tunda, lakini tunda hilo limekoza kuliko jakaranda. Urujuani ni neno zuri, ila wengi wa wanafunzi wangu hukutana nalo kamusini tu. Nilichanganya buluu na wekundu kidogo, nikaongeza maji mpaka nikaridhika. Jina sikulipata.

Jumamosi dada alinitembelea, akaiona kadi mezani. Hakuisifu. Aliipeleka karibu na dirisha, akaitazama kwa muda.

"Ndugu yangu," akasema, "jakaranda huchanua kabla majani hayajarudi. Haya umeyatoa wapi? Ile yangu sikuitia majani."

Nilipigwa na butwaa. Kumbe aliikumbuka!

"Niliichora kwa siku tatu," akaendelea. "Hivi uliipata?"

Miaka yote hiyo sikuwa nimemshukuru. Nilimwambia kwamba niliipata, na kwamba niliificha wenzangu wasiione. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba karatasi nyingine na maji safi.