Hakuna Mtaala wa English Medium

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, swali ni lile lile: "Mwalimu, nimpeleke mwanangu kwenye mtaala wa serikali au mtaala wa English medium?" Wanaouliza ni watu waliosoma, wenye kazi zao, ambao hawawezi kununua hata gari bila kuikagua kadi yake. Lakini kwenye elimu ya mtoto wameridhika na maneno ya jirani na bango la barabarani.

Hakuna mtaala wa English medium. Haupo wizarani wala Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwenye shule anayekuuzia kitu hicho anakuuzia hewa. Kilichopo ni shule inayofundisha mtaala wa taifa kwa Kiswahili, na nyingine inayofundisha mtaala huo huo kwa Kiingereza. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake na taasisi yake ya elimu, ingawa mantiki haibadiliki sana.

Msingi wake ni wa kisheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inazihusu shule za umma na za binafsi pia. Kazi ya kuandaa mitaala na mihtasari imekabidhiwa Taasisi ya Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mmiliki wa shule anaweza kujenga madarasa ya ghorofa, akanunua mabasi ya njano na kuwashonea watoto sare ya tai. Mamlaka ya kuamua mtoto wa darasa la tatu asome nini hana. Ruhusa ya kufundisha kwa Kiingereza ni ruhusa ya lugha, haimpi haki ya kujitungia mtaala.

Anayebisha aangalie mtihani. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa wote. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali anafanya Hisabati kwa Kiswahili, wa shule ya kulipia anafanya maswali hayo kwa Kiingereza. Karatasi ya Kiswahili wanaifanya wote kwa Kiswahili, na ya Kiingereza wote kwa Kiingereza. Kama mitaala ingekuwa miwili, mtihani mmoja ungewapimaje?

Aangalie pia Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam. Hizo ni shule za msingi za serikali, na zinafundisha kwa Kiingereza. Sasa mtaala wao tuuite wa serikali au wa English medium? Swali halina jibu kwa sababu mgawanyo wenyewe ni wa kubuni.

Na aangalie Februari 2023, pale Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili. Vitabu vya namna hiyo hukutwa zaidi kwenye maktaba za shule za kulipia. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuupinga, lakini ulionyesha jambo moja waziwazi: shule binafsi haiko nje ya uzio.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao haukuuliza shule inafundisha kwa lugha gani. Elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka saba hadi sita kwa wote. Watoto walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamalizia la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingizwa kwa wote, na hata sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili. Tena Kiingereza sasa kinaanza kufundishwa darasa la kwanza, si la tatu kama ilivyokuwa. Anayekwambia kwamba shule za serikali "hazigusi Kiingereza mpaka la tatu" amebaki na habari za zamani.

Naukasirikia uvumi huu kwa sababu unaumiza watoto. Wapo wazazi wanaomwambia mwalimu asijisumbue na Kiswahili, "si mtaala wetu", kisha mtoto anafika kwenye mtihani hawezi kuandika insha ya ukurasa mmoja. Wapo wanaonunua vitabu vya nchi jirani kwa bei ya juu wakiambiwa ndivyo "vinavyoendana", huku kitabu cha kiada kilichoandaliwa na Taasisi kikikaa kabatini. Wapo wanaomlipia mtoto wa miaka minane tuisheni ya "kuhamia mtaala", wakati anachohitaji ni msaada wa lugha tu. Kujumlisha sehemu anakujua tayari. Na wapo wanaomrudisha darasa mtoto anayefanya vizuri, kwa sababu tu amehamishwa kutoka shule ya Kiswahili. Mwaka mzima wa maisha yake unapotea kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Shule zinatofautiana, tena sana. Zinatofautiana kwa idadi ya watoto darasani, ubora wa walimu, vitabu na usimamizi. Hizo ni sababu halali za kuchagua shule moja ukaacha nyingine, basi chagua kwa hizo. Shule ya kimataifa iliyoidhinishwa kutumia mtaala wa nje, kama International School of Tanganyika, ni jambo jingine kabisa, na ada yake itakujulisha mapema. Neno "international" lililochorwa getini halitoshi.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, shule ya mwanangu inaufundisha mtaala wote? Hapa ndipo sheria inapokiukwa kila siku, na wazazi wanapiga makofi. Vipindi vya sanaa na michezo vinaliwa na mazoezi ya mtihani. Madarasa ya juu yanasomeshwa yale yanayotahiniwa tu. Shule ina ruhusa ya kuongeza, Kifaransa au muziki kwa mfano. Haina ruhusa ya kupunguza.

Cha kufanya, basi. Omba namba ya usajili wa shule na uulize imesajiliwa kufundisha mtaala gani. Omba ratiba ya darasa la mwanao, uilinganishe na masomo yaliyomo kwenye mtaala. Fungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu vya kiada vimo na kusoma ni bure. Kagua madaftari: somo lenye kurasa tatu tangu muhula uanze halifundishwi. Ukiona pengo, anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati au bodi ya shule. Wakikupuuza, nenda kwa afisa elimu kata au ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya, na uandike barua, maana malalamiko ya mdomo hayawekwi kwenye faili. Ukimhamisha mtoto kutoka lugha moja kwenda nyingine, mtafutie msaada wa lugha na umwache kwenye darasa lake.

Mtaala ni haki ya mtoto iliyowekwa na sheria, na hakuna ada inayoinunua wala umaskini unaoipunguza. Mzazi asiyejua kilichomo hawezi kuidai.